Shangazi, baba yake hampi maji mpaka aseme "maji"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka minane, msemaji hasa. Wa pili ni mvulana wa miaka mitatu na miezi saba, na huyu ndiye anayeninyima usingizi. Haongei. Au tuseme anaongea, lakini hakuna anayemwelewa isipokuwa mimi, na hata mimi mara nyingi nabahatisha.

Maneno yake yaliyonyooka ni machache: mama, baba, hapa, na "eh", ambayo kwake ni kila kitu. Mengine hayatulii. Kikombe leo ni "obe", kesho "kope", keshokutwa "timbe". Kuna siku alisema "funga mlango", barabara kabisa, nyumba nzima tukapiga makofi. Tukamwomba arudie. Akafungua mdomo, midomo ikawa inahangaika kama inatafuta pa kuanzia, hakikutoka kitu. Maneno hayo hajayasema tena hadi leo.

Kinachonichanganya ni kwamba anaelewa. Ukimwambia nenda chumbani, chini ya kitanda kuna viatu vyekundu vya dada, vilete, anakwenda na anavileta hivyo hivyo. Anacheka panapochekesha. Anakuonyesha ndege angani na kukutazama usoni kuhakikisha nawe umemwona. Kiafya hana shida kubwa, ila mafua hayamwishi na usiku anakoroma kama mtu mzima.

Mume wangu anasema ni kudeka, na mimi ndiye ninayemdekeza. Ameweka sheria kwamba hapewi kitu mpaka akitaje. Akitaka maji, aseme "maji". Mwanzoni mtoto alikuwa anajaribu, anatoa "a-i". Baba yake anamwambia, "Sivyo, sema vizuri." Sasa hajaribu tena. Anaburuta kiti afikie maji mwenyewe, au anakaa na kiu yake mpaka baba yake atoke. Chekechea nako wameniita, anauma wenzake.

Mama mkwe anasema ulimi wake umefungwa chini, ukikatwa ataongea. Mwalimu wake anasema tunamchanganya kwa kuwa nyumbani tunatumia lugha mbili, kwa hiyo niache kuongea naye lugha yangu. Jamaa wengine wanasema tusubiri, kwani hata baba yake alichelewa kusema. Dada yake naye anamjibia kila kitu, na nimeambiwa nimkataze.

Nishike lipi, Shangazi? Na kuna siku ataongea kama watoto wengine? Jambo la mwisho, wageni wakija wanamwambia "salimia", yeye kimya, basi naonekana nimelea mtoto asiye na adabu. Mmoja alimwita bubu, naye anasikia.

Mama Mkalimani

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na maji, mengine yatafuata. Sheria hiyo iondoke leo. Kwanza, mtoto hanyimwi maji, awe anasema au hasemi. Pili, hata kama shabaha ni kumfundisha kusema, sheria hii inamfundisha kinyume. Mwanao alipotoa "a-i" alikuwa ameleta nusu ya neno. Sikiliza mwenyewe: maji bila m na j ni a-i. Irabu zote mbili zipo na zimekaa kwa mpangilio wake. Hilo lilistahili kupokewa kwa maji na tabasamu, na mtu wa kumwambia, "Maji. Maji yako haya." Badala yake aliambiwa sivyo. Mtoto wa miaka mitatu akiambiwa sivyo mara nyingi kwa jambo asiloliweza, anaacha kujaribu. Wewe mwenyewe umeandika kwamba hajaribu tena. Kati ya yote uliyonieleza, hili ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kuliko hata "obe" na "timbe". Matamshi mabaya yanatibika. Mtoto aliyekata tamaa ya kuwaambia watu neno anatibika kwa taabu zaidi, kwa sababu tiba yenyewe inamtaka asemeseme.

Mumeo usimwendee na ugomvi. Anaogopa kama wewe, ila hofu yake imevaa ukali. Mwombe aandike jina lake lote kwa mkono asiouzoea, nawe usimame pembeni ukimwambia, "Haraka! Vizuri! Sivyo, rudia!" Herufi anazijua zote, na jina ni lake tangu azaliwe, lakini mkono utamkatalia, na kila utakavyomhimiza ndivyo mwandiko utakavyoharibika. Kisha mwambie huenda mdomo wa mwanawe uko katika hali hiyo hiyo kutwa nzima.

Nasema huenda, kwa kuwa mimi si tabibu, na hakuna tabibu anayepima mtoto kwa barua. Ila maelezo yako yana mambo ambayo mtaalamu wa tiba ya usemi atayaandika upesi akiyasikia. Neno moja linatoka kwa sura tofauti kila siku. Mdomo unahangaika kutafuta pa kuanzia. Neno linatoka lenyewe, safi, kisha likiombwa haliji. Na anaelewa mengi kuliko anayoweza kusema. Kuna tatizo linaloitwa apraksia ya usemi wa utotoni. Kusema neno moja ni kazi ya pumzi, koo, taya, ulimi, kaakaa na midomo, kila kimoja kwa zamu yake ndani ya muda mfupi mno, na ubongo ndio unaopanga zamu hizo. Katika apraksia misuli si dhaifu na akili haina kasoro, bali ni huko kupanga kunakoyumba. Si tatizo la kawaida, hukadiriwa kuwapata mtoto mmoja au wawili kati ya 1,000, na kuna matatizo mengine ya usemi yanayofanana nalo kwa mbali. Ndiyo maana mtoto apimwe, na jirani asiachiwe kumtafutia jina la ugonjwa.

Lakini kabla ya huyo mtaalamu wa usemi, anzeni na masikio. Najua utaniambia anasikia, maana ukimwita anageuka na viatu vyekundu analeta. Hilo halitoshi. Irabu zina sauti nzito, husikika hata kwa sikio lililoziba kidogo. Sauti kama s, f, sh na th ni nyembamba na hafifu, hizo ndizo hupotea kwanza. Mtoto anaweza kusikia mlango ukibamizwa na bado akawa anayapata maneno yenu nusu nusu, kisha akajazia kwa kutazama nyuso na mikono yenu. Mafua yasiyokwisha pamoja na kukoroma huweza kuwa dalili ya nyama za puani zilizovimba. Nyama hizo zikiziba njia inayounganisha pua na sikio, majimaji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio, mara nyingi bila maumivu yoyote, kwa hiyo mtoto halalamiki. Usikivu hupanda na kushuka, wiki hii anasikia vizuri, wiki ijayo hasikii vizuri. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, useme wazi kwamba unataka mtoto apimwe usikivu, asiishie kutazamwa masikio kwa tochi tu. Hata kama alipimwa alipozaliwa akaonekana mzima, apimwe tena.

Sasa ulimi. Mama mkwe hajatunga, upo utando chini ya ulimi ambao kwa watoto wengine ni mfupi, na unaweza kuwasumbua wakati wa kunyonya. Lakini hebu tazama maneno ya mwanao. Ulimi uliofungwa ungesumbua sauti zinazohitaji ncha ya ulimi kupanda juu: t, d, n, l, r. Sauti za m, b na p zinatengenezwa na midomo, ulimi hauna kazi hapo. Mwanao m inampotea kwenye "maji", ingawa kwenye "mama" anaiweza. Na kikombe kikiwa "timbe", ile t aliyoiweka mwenyewe ni sauti ya ncha ya ulimi. Ulimi wa namna hiyo hauelekei kuwa ndio chanzo. Anayempima atautazama hata hivyo, ni jambo la dakika moja, lakini mtu asiushike kwa wembe wala mkasi kwa kubahatisha.

Kuhusu lugha mbili nitakuwa mfupi maana sina subira na ushauri huo. Watoto duniani kote hukua na lugha mbili au tatu na hawapati tatizo la usemi kwa sababu hiyo. Mwenye tatizo ataonyesha tatizo katika kila lugha anayoisikia, na kumwondolea moja hakumponyi katika iliyobaki. Wewe ukiacha lugha unayoota nayo ndoto, utabaki unaongea na mwanao kwa sentensi za kuokoteza, bila utani wala nyimbo. Mshukuru mwalimu, kisha uendelee na lugha yako.

Wanaosema msubiri wana ukweli nusu. Ni kweli wapo watoto wengi wanaochelewa kisha wakashika kasi wenyewe. Lakini kwa kawaida mtoto wa miaka miwili huwa na maneno kama 50 na anaanza kuunganisha mawili, na akifikisha miaka minne hata mgeni anamwelewa karibu yote anayosema. Mwanao amebakiza miezi mitano kufika hapo na bado anahitaji mkalimani. Huo si tena muda wa kusubiri. Na hili la baba yake kuchelewa, watu wanalitumia kama dawa ya usingizi, ilhali matatizo ya usemi hutembea katika ukoo. Ni sababu nyingine ya kumpeleka, na mtaalamu atakuuliza habari hiyo, kwa hiyo muulize bibi yake kilichotokea hasa. Yule baba alisema akiwa na umri gani? Alieleweka lini? Mama mkwe akipewa kazi ya shahidi huenda akaacha ya tabibu.

Ukipata miadi, nenda na rekodi za simu. Mtoto hunyamaza mbele ya mgeni, na hutaki kurudi nyumbani na jibu la "leo hakutaka kuongea". Mrekodi akicheza, akiomba kitu, akigombana na dada yake, bila kumwambia kwamba unamrekodi. Andika pia maneno machache na sura zake zote, kama ulivyoniandikia kikombe. Uliza utaonana naye mara ngapi na nini mfanye nyumbani, kwa sababu tatizo la kupanga matamshi hujengwa kwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara. Kikao kirefu kimoja kwa mwezi hakitoshi. Na mtu akikupa kazi ya kumpulizisha mapovu na kumtoatoa ulimi mbele ya kioo ili "misuli ipate nguvu", muulize hayo yanaingiaje katika maneno. Mdomo hujifunza kusema kwa kusema.

Foleni ikiwa ndefu, usikae bure. Ondoa neno "sema" kwa muda katika nyumba yenu. "Sema kikombe, sema asante, sema jina lako": huo ni mtihani, na mwanao ameshafeli mingi. Mpe neno bila kumdai. Akisema "obe", wewe ushuke mpaka uso wako ulingane na wake na useme taratibu, "Kikombe. Kikombe chako." Kisha umpe kikombe. Akirudia ni heri, asiporudia amelisikia mahali pake na amekuona midomo. Halafu nyamaza. Hapa ndipo wazazi wengi hushindwa, tunauliza swali na kulijibu wenyewe kabla mtoto hajavuta pumzi. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi ukimtazama kama mtu mwenye muda wote duniani.

Chagueni maneno machache yenye faida kwake, mafupi, ya silabi mbili: tena, basi, toa, kaa, mimi, lala. Kiswahili kinakusaidia hapo, maana silabi zake nyingi ni konsonanti na irabu, hazina misongamano, na mtoto anaweza kuzishika moja moja. Neno "tena" lina nguvu sana. Mrushe juu, mweke chini, subiri. Atataka tena. Akitoa "te" au "ena" au sauti yoyote, mrushe. Katika mchezo mmoja wa kubembea atakuwa amelijaribu mara nyingi kuliko wiki nzima ya kukaripiwa. Nyimbo nazo zinafaa, hasa zile zenye mstari unaojirudia. Imba, acha neno la mwisho likiwa limening'inia, umwachie yeye. Katuni si adui, ila katuni haimsubiri wala haimjibu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa umri wake wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini ya televisheni au simu, na pungufu ya hapo ni bora zaidi.

Usipomwelewa, usijifanye umeelewa. Watoto wa namna hii hutambua "eeh, ndiyo" ya uongo upesi kuliko unavyodhani. Mwambie, "Sijakupata, nionyeshe." Rudia kile kipande ulichokipata: "Unataka kitu cha nje. Ni mpira?" Hapo anajua amefika nusu ya njia.

Na mpe njia nyingine ya kusema wakati mdomo unajifunza. Mikono: ishara ya maji, ya choo, ya "basi sitaki", ya "nisaidie", ambazo nyumba nzima mtazitumia pamoja na neno lenyewe kila mara. Picha: piga picha za vitu vyake na watu wake, zichapishe, zitundike pale anapofikia. Mumeo atauliza kama hiyo haitamfanya mvivu wa kusema. Hapana. Tafiti zilizolichunguza jambo hili hazijaona kwamba ishara na picha zinarudisha usemi nyuma, na kwa watoto wengi usemi uliongezeka. Fikiria tu, neno ni jepesi kuliko kwenda kutafuta picha ukutani, kwa hiyo siku akiliweza neno atalitumia. Kule chekechea, kuuma kwake ni sentensi aliyokosa. Mfundisheni ishara ya "acha", mikono miwili mbele, na mwalimu aijue. Nadhani meno yatapumzika.

Dada yake usimkataze. Mtoto wa miaka minane akikatazwa kumsaidia mdogo wake anaelewa kwamba kumpenda kuna makosa. Mpe kazi: yeye ndiye mwalimu wa kusubiri. Akiulizwa mdogo wake, naye dada ahesabu mpaka kumi kimoyomoyo ndipo amsaidie. Watoto wa umri huo wanapenda cheo, na pengine atakuzidi wewe kwa uaminifu. Ila naye mpe muda wake peke yake, wa kuongea bila kupokezana na mtu.

Unauliza kama kuna siku ataongea. Sitakuahidi kwa barua nisichoweza kukiona. Watoto wengi wenye shida za namna hii, wakipata tiba mapema na ya kutosha, hufika mahali pa kueleweka na watu, ingawa kwa wengine huchukua miaka na sauti chache hubaki zikisumbua. Mwanao ana mambo mazuri ya kuanzia: anaelewa, anatania, anataka uone ndege aliyemwona. Kuna jambo moja lisilongoja miadi, nalo ni mtoto kupoteza maneno aliyokuwa akiyatumia kila siku, au kuacha kuwatazama na kuwatafuta watu. Hilo "funga mlango" lililokuja mara moja si kupoteza. Lakini "mama" na "hapa" zikianza kutoweka, mpeleke hospitali upesi.

Na wageni. Usimlazimishe kusalimia kwa mdomo, na usimwombee radhi kana kwamba amevunja kitu. Mfundishe kusalimia kwa kutoa mkono, na mgeni akianza "salimia basi, huna mdomo?", jibu wewe, kwa sauti ya kawaida, mtoto akisikia: "Ameshakusalimia kwa mkono. Maneno bado anayafanyia mazoezi." Kisha umkaribishe kiti. Yule aliyemwita bubu mwite pembeni, umwambie kwamba mtoto anasikia na anaelewa kila neno, na kwamba jina hilo halitatajwa tena nyumbani kwako. Kama ni ndugu wa upande wa mumeo, mwache mumeo amwambie mwenyewe. Itamfaa kuisikia sauti yake ikimtetea mwanawe.

Shangazi